Nywele Zako Sio Ngumu Dada, Kitana Ndio Kina Haraka

KWA wadada wengi wa Kahama, siku ya stimingi ndiyo siku ya kupoteza nywele. Yaani siku ile ile ambayo mtu analipa hela ili nywele zipate lishe, ndiyo siku anayoziacha kwenye sakafu ya saluni, zinafagiwa na kutupwa pamoja na rasta za jana. Halafu anatoka pale anang'aa, anapiga selfi, na baada ya wiki mbili akiona kichwa kimepungua anasingizia dawa feki au jicho baya la jirani.

Stimingi haina kosa. Kopo halina kosa. Hata maji ya bomba yanayosafiri kutoka Ziwa Victoria mpaka Nyasubi hayana kosa. Tatizo lipo kwenye zile dakika 10 kabla ya stimingi, pale kitana chenye meno membamba kinapozamishwa kwenye mizizi ya nywele kavu na kuvutwa kwa nguvu hadi kwenye ncha, huku mwenye kichwa ameng'ang'ania kiti na machozi yanamlenga. Hapo ndipo nywele zinapoishia.

Gumzo lililoamsha mada hii mjini ni la bibi harusi mtarajiwa mmoja, mfanyabiashara anayefahamika, jina linahifadhiwa. Alikaa na rasta miezi mitatu akihangaika na vikao vya harusi. Siku mbili kabla ya sendoff akaingia saluni moja ya huku Nyasubi saa 10 jioni. Wasichana wawili wakamfumua fastafasta, akaoshwa, akaanza kuchanwa. Kitana kilipotoka mara ya tatu kilikuwa kimebeba bonge la nywele la kujaza kiganja. Mdada akapiga kelele, akagoma kulipa, akadai amefanyiwa makusudi. Msusi naye hakukaa kimya, akamjibu mbele za watu: "Dada, nywele zako ngumu kama katani, ulitaka nizichane na nini?"

Mji ukagawanyika. Wa Malunga wanasema msusi alipe fidia, wa Nyihogo wanasema bibi harusi ajilaumu mwenyewe. Kiukweli wote wawili wana makosa, na kuna jambo ambalo wote wawili hawakulijua.

LILE BONGE LILITOKA WAPI?

Kichwa cha mtu kwa wastani kina nywele kama 100,000, na kila siku zinang'oka zenyewe kati ya 50 na 100. Huo ni utaratibu wa mwili tu, kama mwembe unavyodondosha majani. Mtu ambaye nywele zake hazijasukwa haoni chochote, maana zinaangukia njiani, bafuni na kwenye mto. Lakini aliyesuka rasta, zake haziendi popote. Zimeshaachia ngozi ila zimebaki zimefungwa ndani ya msuko.

Sasa piga hesabu. Miezi mitatu ni siku 90. Hapo kuna nywele kati ya 4,500 na 9,000 ambazo zilishang'oka zamani na zinasubiri kutoka siku ya kufumua. Zitatoka tu, hata angefumuliwa na malaika. Kwa hiyo sehemu ya lile bonge lililomtia wazimu bibi harusi haikuwa hasara, ilikuwa mzigo wa miezi mitatu umefika kituoni.

Lakini ni sehemu tu. Ili kujua ukweli, mtu aokote nywele chache kwenye kitana azitazame vizuri kwenye mwanga. Iliyong'oka yenyewe ni ndefu na upande mmoja ina kinundu kidogo cheupe, pale ilipokuwa imeshika ngozi. Iliyokatika haina kinundu, na mara nyingi ni fupi. Kitana kikijaa vipande vifupi visivyo na kinundu, huyo mtu amekatwa nywele bila mkasi. Na wanaosimulia kisa cha bibi harusi wanasema taulo alilowekwa mabegani lilikuwa limejaa vipande kama hivyo. Hapo msusi hana pa kujificha.

Tena zile nywele zilizong'oka ndizo zinazosababisha balaa lenyewe. Zikibaki katikati ya nywele zilizo hai, zinajizungusha humo na kufunga mafundo. Ukimwaga maji juu yake kabla ya kuzitoa, nywele zinasinyaa na fundo linakaza. Ndiyo maana kuosha kichwa kabla ya kukichambua ni kutafuta ugomvi. Na ndicho kilichofanyika saluni ile: fumua, osha, vuta.

NENO "NGUMU" LIMEUA NYWELE NYINGI

Msusi akishasema nywele ni ngumu, amejipa ruhusa ya kutumia nguvu. Nani anachukua kitu kigumu kwa upole? Ndiyo maana neno hilo lina madhara kuliko kitana chenyewe. Na si kweli. Nywele za kipilipili ni kati ya nywele dhaifu kuliko zote duniani.

Sababu zake ziko wazi. Unywele wa kipilipili ukitazamwa kwa hadubini, sio duara kama waya. Umebonyea kidogo kama utepe, na unajipinda na kujikunja njia nzima. Kila unapojikunja pana udhaifu, kama waya wa chaja unavyokatikia pale pale unapokunjwa kila siku. Pia mafuta yanayotengenezwa na ngozi ya kichwa hayashuki vizuri kwenye unywele wenye kona nyingi, kwa hiyo ncha ambazo ndizo kongwe zaidi zinabaki kavu muda wote.

Halafu nje ya kila unywele kuna magamba madogo yaliyolaliana kama magamba ya sangara. Nywele zikiwa kavu na zina vumbi, magamba hayo yanainuka na kukwaruzana, ya huyu yanashika ya yule. Na vumbi huku sio hadithi. Muulize dada anayeuza chakula machimboni kule Nyarugusu au Mgusu mkoani Geita, karibu na makarasha yanayosaga mawe kutwa, kichwa chake kikoje ikifika Jumamosi. Hata anayekaa Kahama mjini, kiangazi kikikolea, kilemba kinageuka rangi kabla ya mchana.

Kwa hiyo hizo nywele zinazoitwa ngumu, hali yake halisi ni kavu, zina vumbi, zimefungana na zinaogopa. Kinachotakiwa hapo ni utelezi. Msukuma anajua mlenda unavyoteremka kooni bila kuombwa. Nywele nazo zinataka mlenda wake, na mlenda wa nywele ni kondishona.

TATIZO LILIANZIA SHULENI

Kabla ya kumrushia msusi mawe, kuna jambo la kukumbuka. Msichana wa Kahama aliyesoma shule za serikali mara nyingi amenyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Hiyo ni miaka 11. Anamaliza mtihani wa mwisho Novemba akiwa na miaka 17 au 18, ndiyo anaanza kufuga nywele kwa mara ya kwanza akiwa na akili timamu. Zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo ikifika Pasaka zina urefu wa kushika rasta. Hajui kichwa chake kinaota nywele za aina gani. Hajawahi kuzichana. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Sheria ya kunyoa ina watetezi wake: usafi, chawa, kuokoa muda, watoto wote kuonekana sawa. Hoja hizo zina uzito, hasa kwa mzazi mwenye mabinti wanne na ndoo moja ya maji. Lakini matokeo yake ni kwamba taifa zima la wanawake linaingia utu uzima bila kujua kuchana nywele zake lenyewe. Kitu cha kwanza wanachojifunza ni dawa, na baadhi ya dawa hizo zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Cha pili ni rasta za kubana. Cha tatu ni wigi la kuficha vilivyosababishwa na cha kwanza na cha pili.

Na msusi naye ametoka shule hizo hizo. Alijifunza kazi kwa kumtazama dada mwingine mwenye haraka kama yeye. Kumlaumu peke yake ni uonevu.

JINSI YA KUCHAMBUA BILA KUUA

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapotaka kufika.

Kwanza, rasta zifumuliwe moja moja, na kila moja ikishafumuliwa pale pale ichambuliwe kwa vidole. Kwenye mzizi wa kila rasta kuna pete ya uchafu: mafuta, mba na vumbi vimegandamana pale msuko ulipoanzia. Pete hiyo haikwanguliwi kwa kitana. Inapakwa mafuta au kondishona kidogo, inasubiriwa ilainike, kisha inaachanishwa kwa ncha za vidole mpaka ifunguke. Zile nywele zilizong'oka zitakuja zenyewe mkononi. Hakuna tone la maji linalomwagwa kabla pete zote hazijaisha.

Pili, kichwa kigawanywe mafungu. Nywele chache mafungu 4, nyingi hata 8. Kila fungu libanwe na kibanio au lisokotwe. Mtu anayechana kichwa kizima kwa pamoja ni sawa na anayelima ekari tano kwa jembe moja kwa kurukaruka: huku kidogo, kule kidogo, mwisho wa siku hakuna shamba.

Tatu, fungu moja linyunyiziwe maji kwa chupa mpaka lipate unyevu, halafu lipakwe kondishona ya kutosha. Ya kutosha maana yake mkono ukipita unateleza. Liachwe kama dakika tano. Hapa maji peke yake hayatoshi, na ni hatari. Unywele uliolowa unavutika kuliko mkavu, lakini ukivutwa kupita kiasi unakatika kirahisi. Maji yanalegeza, kondishona inalaza magamba na kuleta utelezi, vyote viwili vinatakiwa pamoja. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinawaambia wenye nywele za kujikunja wachane zikiwa na unyevu, wakati wenye nywele zilizonyooka wanaambiwa wasubiri zikauke kidogo kwanza. Ndiyo maana ushauri wa video za Wazungu mara nyingine unaharibu kichwa cha Mwafrika: kila nywele ina sheria yake.

Nne, vidole vitangulie. Kidole kina macho, kitana hakina. Kidole kikikuta fundo kinasimama, kitana kinapita nalo. Vidole vikishamaliza, ndipo linakuja chanuo la meno mapana, na linaanzia kwenye ncha. Sentimita mbili za mwisho kwanza, zikipita vizuri panda kidogo, tena kidogo, mpaka mzizi. Wavuvi wa ziwani wakikuta nyavu zimejifunga hawavuti katikati, wanatafuta upande uliolegea na kuanzia hapo. Anayevuta katikati anarudi nyumbani na nyavu mbili mbovu.

Wakati wa kuchana, mkono mwingine ushike nywele juu ya fundo, kati ya kitana na ngozi, ili mvuto uishie mkononi na usifike kichwani. Jambo hili dogo linaondoa karibu maumivu yote. Mtoto anayelia kila Jumapili asubuhi mama akimchana kwa ajili ya kanisani, mara nyingi halii udeko, analia kwa sababu ya mkono huo ambao haupo.

Tano, likitokea fundo sugu, kitana kiwekwe chini. Liongezwe kondishona, litanuliwe taratibu kwa pembeni, na unywele mmoja mmoja uvutwe kutoka ndani yake. Likigoma kabisa, likatwe hilo fundo tu kwa mkasi mkali. Kukata fundo la nusu sentimita ni nafuu kuliko kung'oa fungu zima.

Sita, fungu likishachambuliwa lisokotwe, lisiachwe lirudi kujifunga na wenzake. Ndipo mtu anaoshwa, misokoto ikiwa pale pale, shampuu ikisuguliwa kwenye ngozi na povu kuachwa literemke lenyewe. Ile tabia ya kukusanya nywele zote juu ya utosi na kuzifikicha kama anafua jinzi inarudisha mafundo yote yaliyotolewa kwa saa nzima.

Sasa ndiyo zamu ya stimingi. Inapakwa kila fungu, kichwa kinafunikwa kofia ya plastiki, dakika 20 hadi 30 za joto zinatosha. Umeme ukikatika hakuna kulia, taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa linafanya kazi ile ile. Kama ni kupitisha chanuo tena, lipitishwe mara moja tu wakati stimingi bado iko kichwani, kwa upole. Ikishasuuzwa, kitana kikae mbali.

Mambo ya jikoni nayo yasemwe. Parachichi ni zuri lakini lisagwe na kuchujwa, maana vipande vyake vikikaukia ndani ya kipilipili kuvitoa ni kuchana upya na kukata upya. Yai bichi lina protini ila ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, kinachobaki ni harufu. Kwa mafuta, kuna utafiti wa India wa mwaka 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu yanapenya ndani. Utafiti huo ulifanywa na watu wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, kwa hiyo akili ya kuambiwa changanya na ya kwako. Ila ile alizeti ya jikoni inayopakwa huku Kanda ya Ziwa, inateleza tu, kingine isitarajiwe sana.

Na usiku kitambaa cha kulalia kiwe laini, kama cha satini. Pamba ni mali ya Shinyanga na imesomesha watoto wengi, lakini kichwani usiku inanyonya mafuta na kukwaruza nywele mpaka asubuhi.

NANI ALIPIE MUDA?

Kila hatua iliyotajwa hapo juu inadai kitu kimoja: muda. Kichwa chenye rasta za miezi mitatu hakichambuliwi chini ya saa mbili, na wakati mwingine ni zaidi. Hapa ndipo wasusi wanapokuwa na hoja nzito. Wapo wengi wanaolipwa kwa kichwa au kwa asilimia. Mteja anaingia Jumamosi jioni, ana rasta za tangu sikukuu iliyopita, anataka kuoshwa, stimingi, blodrai na kusukwa, saa 2 usiku awe ukumbini, na bei anataka apunguziwe. Kufumua anaona ni bure. Kuchambua hajui hata kama ni kazi. Msusi akitumia saa mbili kwa hela ile, siku yake imeisha na kodi ya kiti inamsubiri. Kwa hiyo anavuta. Sio roho mbaya, ni hesabu.

Basi hesabu ibadilishwe. Saluni za Kahama ziandike ukutani bei ya kufumua na bei ya kuchambua, kila moja peke yake, kama wanavyoandika bei ya twende kilioni na ya mabutu. Mteja asiyetaka kulipia achambue mwenyewe nyumbani kwa vidole na kopo la kondishona, aje saluni nywele ziko tayari. Anayelipia awe na haki ya kusema "simamisha" kitana kikiuma, na asiambiwe anajidekeza. Msusi anayelipwa kwa muda hana sababu ya kukimbia, na mteja aliyelipia muda hana sababu ya kukubali kuvutwa.

Wapo watakaosema hiyo ni kuongeza gharama kwa wadada ambao hela yenyewe ya kubangaiza. Lakini nani anapiga hesabu ya upande wa pili? Stimingi kila mwezi isiyosaidia, mafuta ya kukuza nywele, wigi, kisha wigi lingine maana la kwanza limechakaa. Chanuo la meno mapana, chupa ya kunyunyizia na kopo moja la kondishona la kawaida havifiki bei ya wigi hata la bei rahisi. Umaskini haujawahi kuzuia mtu kuanzia kwenye ncha.

Wengine watasema ni nywele tu, zitaota. Zilizokatika zitaota, sawa. Ila zile za pembeni ya uso, zinazovutwa na kitana leo na kubanwa na rasta kesho, miaka nenda rudi, kuna siku mzizi unachoka na kufa, ngozi inabaki laini kama kigoti. Hapo hakuna mafuta ya nyonyo wala kitunguu kitakachorudisha kitu. Mjini hapa wapo wadada wa miaka 25 ambao hawatoki nje bila kofia au wigi, na hawakuzaliwa hivyo.

MASTAA NAO WASEME UKWELI

Lawama nyingine iende kwa mastaa. Kila baada ya muda anaibuka mwigizaji au mwanamuziki wa kike, anashika kopo mbele ya kamera na kuwaambia wadada kwamba siri ya nywele zake ni mafuta hayo. Kichwani kuna wigi la nywele za mtu mwingine kabisa. Wafuasi wananunua, wanapaka, nywele hazifiki mabegani, wanajiona wao ndio wana kasoro.

Kuvaa wigi si dhambi, tena wengine yanawapendeza kweli. Dhambi ni kuuza mafuta kwa nywele ambazo hazijawahi kuyaonja. Staa mmoja tu akijitokeza siku moja bila wigi, akakaa chini na kuonyesha anavyochambua kipilipili chake fungu kwa fungu, kwa saa mbili, bila kuharakisha video, atakuwa amewafundisha mabinti wengi kuliko matangazo ya mwaka mzima. Haitakuwa video ya kuvutia. Itachosha. Ila ndivyo nywele zinavyotunzwa: kwa kuchosha.

Na mabinti ndio wa kufikiriwa zaidi. Mtoto wa kike anayekaa katikati ya magoti ya mama, anavutwa, analia, anaambiwa "tulia, una minywele migumu kama baba yako", anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba kichwa chake ni adhabu, na kwamba anayekishika ana haki ya kumuumiza. Akija kunyolewa shuleni anashukuru. Akija kupakwa dawa anashukuru tena. Ameshafundishwa kuzichukia kabla hajazijua.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kabla dada yeyote hajakaa kwenye kiti cha saluni na kufunikwa taulo, kuna swali moja la kumuuliza anayemhudumia, kwa heshima, bila ugomvi: "Anti, unaanza na kitana au unaanza na kondishona?" Akijibu kitana, shukuru, chukua pochi, saluni Kahama ziko nyingi.

Na wasusi mnaosoma hapa, uwanja wa maoni ni wenu: bei halali ya kuchambua kichwa cha rasta za miezi mitatu iwe shilingi ngapi?